Historia ya Jicho la Eksirei Lililopita Juu ya Ziwa Letu

Msafiri atokaye Uvira kwenda Baraka kwa njia ya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika hana budi kupita Makobola, mahali ambapo milima huteremka hata ikakaribia maji, na ambapo Wabembe na majirani zao huishi kwa kulima mihogo na kuvua ndagala. Naye akisimama hapo akauliza mji ule una uhusiano gani na elimu ya falaki, huenda akadhaniwa kuwa mtu wa mzaha. Hata hivyo swali lake lina jawabu. Tangu Desemba 1970 hata Machi 1973, chombo cha kwanza kilichoundwa mahususi kwa kuzichunguza nyota kwa miale ya eksirei kilikuwa kikipita katika anga ya ziwa letu mara zipatazo 14 kila siku, usiku na mchana, kwa kuwa kilirushwa kutoka pwani ya Kenya karibu kabisa na ikweta, na njia yake haikutoka nje ya ukanda ulio baina ya digrii 3 kaskazini na digrii 3 kusini. Jina lake ni Uhuru. Wakati ule, katika milima ya Fizi, wapiganaji wa chama cha PRP, kilichoasisiwa na Laurent-Désiré Kabila mwaka 1967, walikuwa katika vita vyao na serikali ya Mobutu. Na chombo kikiwa bado kinazunguka, tarehe 27 Oktoba 1971, nchi iliyokuwa chini yake ikabadilishwa jina ikaitwa Zaire. Nimeyataja haya ili msomaji wa huku azitambue zama tunazozisimulia, maana aghalabu habari za sayansi huandikwa kana kwamba zilitukia katika dunia isiyo na watu.

Miale ya eksirei iligunduliwa tarehe 8 Novemba 1895 na Wilhelm Conrad Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, na haukupita muda mrefu ila matabibu wa mataifa mengi wakaifahamu, kwa sababu hupenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Nayo ikampatia mgunduzi wake Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1901, ambayo ndiyo ya kwanza kutolewa. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuvunjika mkono na kupelekwa hospitalini anaijua miale hii kwa kiasi fulani. Lakini hospitalini miale hutoka katika mtambo, ikapita mwilini, ikaangukia bamba lililowekwa karibu, ilhali katika falaki mtambo ni nyota yenyewe, iliyo mbali hata nuru yake husafiri miaka mingi kabla ya kutufikia, na baina yake na sisi pana hewa, ambayo ijapokuwa twaiona nyepesi, unene wake watosha kuimeza miale yote ya eksirei itokayo juu kabla haijakifikia kilele cha mlima wowote. Ndiyo maana wahenga wetu, na wahenga wa kila taifa, waliozijua Zuhura na Mshtarii na Kilimia, hawakupata kuijua mbingu hii ya pili. Haikuwezekana kuijua pasipo kutoka nje ya hewa.

Waliotangulia kutoka walitumia silaha. Makombora ya V-2, yaliyotekwa na Wamarekani kutoka kwa Wajerumani baada ya vita kuu ya pili, yaligeuzwa kuwa vyombo vya elimu, na mwaka 1949 Herbert Friedman na wenzake wa maabara ya jeshi la majini la Marekani waliweka ndani ya kombora moja vihesabio vya Geiger, vikathibitisha kwamba jua hutoa eksirei. Furaha ya ugunduzi huo ilichanganyika na majonzi, kwa kuwa eksirei ya jua ilikuwa hafifu mno, na mtu akifanya hesabu ya kuliweka jua mahali pa nyota nyingine, kwa umbali wake, alipata jawabu kwamba hakuna kihesabio cha zama zile ambacho kingeweza kuiona. Wataalamu wengi wakaona hapana faida ya kuendelea.

Riccardo Giacconi, Mtaliani mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi katika shirika dogo la American Science and Engineering huko Cambridge, Massachusetts, aliikataa hesabu hiyo, akitiwa moyo na profesa Bruno Rossi, Mtaliani mwenziwe, aliyekuwa akisema kwamba maumbile yana mengi kuliko yanayowazika na wanadamu. Kwa kuwa fedha zilikuwa mikononi mwa jeshi la anga, na safari za kwenda mwezini zilikuwa zikizungumzwa kila mahali, walitoa hoja ya kwenda kutazama kama mwezi hutoa eksirei unapopigwa na miale ya jua. Na katika usiku wa kuamkia tarehe 19 Juni 1962 roketi ya Aerobee ikarushwa kutoka White Sands, New Mexico, ikiwa na vihesabio vitatu, kimojawapo kikiharibika njiani. Muda wa kutazama haukuzidi dakika sita. Mwezi haukuonekana, badala yake palionekana chanzo chenye nguvu ajabu upande wa buruji ya Akarabu, ambacho baadaye kiliitwa Scorpius X-1, na pamoja nacho mwanga hafifu uliotandaa mbingu nzima. Hivyo hesabu ya wale waliokata tamaa ilikuwa sahihi kuhusu nyota zilizo mfano wa jua, ila zilikuwapo nyota zisizofanana na jua hata kidogo, wala hakuna aliyezijua.

Yafaa hapa tueleze jicho lenyewe lilikuwa la namna gani, kwa maana ndiyo hasa maudhui yetu. Kihesabio cha Geiger ni chumba kidogo cha gesi chenye waya uliotiwa umeme mkali. Chembe moja ya eksirei, iitwayo fotoni, ikiingia humo hung'oa elektroni katika gesi, na elektroni hizo zikivutwa na waya hung'oa nyingine, hata pakatokea mshituko wa umeme uwezao kuhesabiwa. Chombo hiki husema, "Kimepita kitu," basi. Hakisemi kitu hicho kina nguvu kiasi gani, wala kimetoka wapi. Hatua iliyofuata ilikuwa kuupunguza umeme wa waya kwa kadiri maalumu, ili ukubwa wa mshituko ulingane na nguvu ya fotoni iliyoingia, na kwa njia hiyo kihesabio kikapata uwezo wa kupima na kuhesabu kwa pamoja. Swali la mahali, lakini, lilibaki pale pale. Mbele ya kihesabio iliwekwa mirija membamba ya chuma iliyoruhusu miale ya upande mmoja tu kupita, na chombo kizima kikazungushwa polepole, ili saa na dakika ya kuonekana kwa miale iwajulishe wataalamu upande wa mbingu ilikotoka. Picha haikuwapo, palikuwa na hesabu tu.

Mwezi wa Septemba 1963 Giacconi na mwenziwe Herbert Gursky waliandikia shirika la anga la Marekani, yaani NASA, mpango wa miaka mingi, ulioanza kwa roketi na kuishia kwenye darubini kubwa yenye kioo cha upana wa mita 1.2, na katikati yake wakaweka setilaiti ndogo ya kuipekua mbingu yote. Setilaiti hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kuitwa Uhuru. Uzito wake haukufika kilo 150, na ndani yake mlikuwa na jozi mbili za vihesabio vya gesi, zikitazama pande mbili zilizo kinyume, kila jozi ikiwa na uwazi upatao sentimita za mraba 840, moja yenye mirija ya kutazama kipande chembamba cha nusu digrii na nyingine kipande cha digrii 5. Madirisha ya vihesabio yalikuwa ya berili, madini mepesi mno ambayo eksirei huyapita bila taabu ilhali gesi haitoki. Msomaji wa Kivu asidhani kwamba hayo ni madini ya nchi za mbali. Jiwe ambalo berili hutolewa humo limechimbwa Kobokobo, karibu na Kamituga, katika wilaya ya Mwenga, ambayo ni jirani wa Fizi.

Sasa kwa nini Kenya? Wengi hudhani ilikuwa bahati nasibu, au hisani ya kisiasa, nami naona dhana hiyo inaficha jambo lililo kubwa kuliko yote katika historia hii. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme, protoni na elektroni zilizonaswa na nguvu ya sumaku ya dunia, iitwayo mikanda ya Van Allen. Na juu ya Brazili na bahari ya Atlantiki ya kusini ukanda huo hushuka chini mno. Kihesabio hakitofautishi kwa urahisi protoni inayopita na fotoni iliyotoka katika nyota, na setilaiti irushwayo kutoka Florida huzunguka kwa mshazari hata ikaingia katika eneo lile mara nyingi kila siku, ikarudi na takwimu zilizochafuka. Lakini setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, kwa urefu usiozidi sana kilomita 500, hupita chini ya mikanda na kandokando ya eneo lile la hatari, na jicho lake likabaki safi. Juu ya hayo, dunia huzunguka kwa kasi zaidi ikwetani kuliko mahali pengine popote, na roketi irushwayo kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Mtu aliyezitafuta sifa hizi mbili pamoja, na bahari wazi upande wa mashariki ya kupokea mabaki ya roketi, alielekezwa na ramani yenyewe kwenye pwani ya Waswahili.

Aliyeisoma ramani hiyo mapema ni Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na ofisa wa jeshi la anga la Italia, ambaye mwaka 1962 nchi yake ilipatana na NASA juu ya mradi wa San Marco. Katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wataliani wakasimamisha baharini majukwaa ya chuma juu ya miguu mirefu, moja likiitwa San Marco, la kurushia roketi, na jingine Santa Rita, ambalo asili yake ni jukwaa la kuchimbia mafuta, la waongozaji. Tarehe 26 Aprili 1967 ikarushwa hapo setilaiti yao, San Marco 2. Hivyo Wamarekani walipohitaji ikweta, walikuta Wataliani wamekwisha kuifikia kwa niaba ya wote, nao wakawa wageni wa mgeni katika maji ya Kenya.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 tangu kupata uhuru wake. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, mhandisi wa kituo cha Goddard cha NASA, ndiye aliyekipa chombo jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowapokea, badala ya kukiacha na namba peke yake kama ilivyokuwa desturi. Kazi ya maandalizi ilikesha usiku kucha ikacheleweshwa mara kwa mara, jua likachomoza na joto likapanda, jambo lililowatia hofu kwa ajili ya vyombo vilivyokuwa ndani ya roketi, hata mwishowe, mchana, roketi ya Scout ikaondoka salama. Townsend na Giacconi hawakuwa na subira ya kungoja. Waliingia katika mashua ndogo ya mpira, wakavuka bahari hadi kambi ya pwani, na setilaiti ilipopita kwa mara ya kwanza baada ya kuizunguka dunia, Giacconi akavipa vihesabio umeme kinyume cha kanuni, apate kuona kama vyafanya kazi kabla halijatokea la kutokea. Vilifanya kazi. Mimi sikisifu kitendo cha kuvunja kanuni, lakini mtu aliyengoja miaka saba tangu kuandika mpango wake nadhani anastahili kusamehewa kwa dakika chache za pupa.

Matunda yake yalikuja kwa haraka. Kabla ya Uhuru, roketi zote pamoja zilikuwa zimewafunulia wanafalaki vyanzo vichache tu. Orodha ya mwisho ya Uhuru, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Lakini lililo kubwa zaidi ya idadi ni kwamba sasa waliweza kukitazama chanzo kimoja kwa muda mrefu. Chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilionekana kikipiga kila baada ya sekunde 4.8, kisha kikizimika na kuwaka tena kwa muda wa siku 2.1, kwa sababu huzunguka na nyota nyingine inayokifunika. Na kwa hesabu za namna hiyo ikathibiti kwamba nyota ya nyutroni, iliyobanwa hata ikawa na upana wa kilomita zipatazo 20 tu, ilikuwa ikimnyonya mwenziwe, na mada iliyonyonywa ikipata moto wa mamilioni ya digrii kabla ya kuanguka. Chanzo kingine, Cygnus X-1, hakikupiga kwa utaratibu bali kilimetameta kwa vipande vidogo vya sekunde, na walipokitazama kwa darubini za kawaida wakakuta nyota kubwa ya buluu inayozunguka kila baada ya siku 5.6 na kitu kisichoonekana, chenye uzito uliopita kiasi cha kuwa nyota ya nyutroni. Tangu hapo neno shimo jeusi likatoka katika vitabu vya nadharia likaingia katika ramani ya mbingu. Aidha ikajulikana kwamba makundi makubwa ya magalaksi yamejazwa gesi yenye joto la ajabu, isiyoonekana kwa macho.

Pamoja na fahari hiyo yote, Uhuru hakikupata hata picha moja, na wenyewe walilijua pungufu hilo. Ili kuwe na picha, sharti miale ikusanywe kwanza, nayo eksirei haikubali kioo cha kawaida, kwani ikipigwa usoni huzama ndani. Njia iliyopo ni kuiendea kwa ubavu: kama vile jiwe bapa, ambalo watoto wa Makobola wakilirusha karibu sawa na uso wa ziwa huruka juu ya maji badala ya kuzama, ndivyo miale ya eksirei irukavyo juu ya chuma laini ikigusa kwa pembe iliyo chini ya digrii moja au mbili. Mjerumani Hans Wolter alieleza mwaka 1952 jinsi vioo viwili vya namna hiyo vinavyoweza kutengeneza taswira, na Giacconi na Rossi wakaiwazia darubini ya falaki kwa msingi huo mwaka 1960. Lakini kuling'arisha umbo lile la mrija kwa usahihi uliotakiwa kulichukua muda mrefu, na setilaiti ya Einstein, ya kwanza yenye darubini kamili ya kupiga picha za nyota kwa eksirei, ikarushwa tarehe 13 Novemba 1978. Kwenye kitovu chake kulikuwa na macho ya namna mbalimbali, mojawapo likiwa bamba la kioo lenye mamilioni ya vijitundu vyembamba ambamo elektroni moja hugeuka kuwa maelfu, likionyesha mahali kwa ufasaha mkubwa, ila nguvu ya fotoni halikuweza kuipima. Jingine, la gesi, lilipima nguvu lakini mahali likakosea. Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili: jicho la kupima lilikuwa na ukungu, na jicho lenye kuona vyema halikuweza kupima.

Ufumbuzi ulikwisha kuzaliwa, lakini katika nyumba nyingine. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, wa maabara za Bell huko Marekani, walivumbua kipande cha silikoni kilichogawanywa katika vyumba vidogo, au pikseli, ambavyo kila kimoja hukusanya elektroni zinazong'olewa na nuru, kisha elektroni hizo zikasogezwa safu kwa safu hadi pembeni, zikahesabiwa. Kwa kifupi huitwa CCD, na ndicho kilichoondoa filamu katika kamera za watu. Katika nuru ya kawaida kila fotoni hung'oa elektroni moja tu, hivyo hesabu hueleza wingi wa nuru. Eksirei ni jambo jingine. Kuing'oa elektroni moja katika silikoni kwahitaji nguvu ipatayo elektrovolti 3.65, na fotoni ya eksirei ina maelfu ya elektrovolti. Ile itokayo katika chuma namba 55, ambacho wataalamu hukitumia kupimia macho yao maabarani, ina elektrovolti 5,900, nayo huacha elektroni zipatazo 1,600 mahali ilipoangukia. Kwa hiyo ukizihesabu elektroni umeipima fotoni moja, na pikseli imekwambia ilipotua. Mahali na nguvu vikapatikana kwa jicho moja.

Masharti yake, hata hivyo, ni mazito. Kipande lazima kisomwe upesi kabla fotoni mbili hazijaangukia mahali pamoja zikadhaniwa kuwa moja yenye nguvu. Lazima kifunikwe kwa utando mwembamba wa alumini ili nuru ya kawaida isiingie ikaharibu hesabu. Lazima kipozwe mno, kwa kuwa joto lenyewe hung'oa elektroni. Na silikoni yake ni lazima iwe safi kupita kiasi, kwa maana elektroni chache zikinaswa njiani wakati wa kusogezwa, kipimo hupotoka. Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT iliyatimiza masharti hayo, na setilaiti ya Japani iitwayo ASCA, iliyorushwa tarehe 20 Februari 1993, ikawa ya kwanza kuipeleka CCD katika falaki ya eksirei.

Kisha ukaja mwaka 1999, na ndani yake msiba mdogo ulio na mafundisho mengi. Tarehe 23 Julai chombo Columbia, kikiongozwa na Eileen Collins, kiliipeleka angani Chandra, darubini iliyokuwa utimilifu wa mpango ule wa 1963, yenye vioo vilivyopakwa iridi na kamera ya vipande 10 vya CCD, kila kimoja na pikseli 1,024 kwa 1,024. Njia yake iliwekwa ndefu, ikifika karibu theluthi moja ya umbali wa mwezi, ili itazame kwa saa nyingi bila kufunikwa na dunia. Lakini njia hiyo kila inaporudi huivuka mikanda ya Van Allen. Baada ya wiki chache wataalamu wakaona kwamba vipande vingi vimeanza kupima vibaya. Protoni dhaifu za mikanda, ambazo wengi hawakuzitilia maanani, zilikuwa zikirukaruka juu ya vioo vile vile vilivyoundwa kukusanya eksirei, zikaelekezwa moja kwa moja kwenye silikoni, zikatoboa humo mitego ya kunasa elektroni. Vipande viwili vilivyogeuzwa mgongo vilisalimika. Tangu hapo kamera huondolewa katika kitovu kila Chandra inapokaribia mikanda, na madhara yakasimama, ila yaliyopotea hayakurudi.

Nani asiyeona kwamba jambo hili ndilo lile lile lililowapeleka watu Ungwana mwaka 1970? Jicho la eksirei, liwe la gesi au la silikoni, adui yake ni chembe za mikanda, na ngome yake ni ikweta. Nasema haya nikijua kwamba Chandra ilikuwa na sababu njema za kuchagua njia yake, na kwamba picha zake hazijapata mfano. Lakini historia ya vihisi hivi ikiandikwa bila kuitaja latitudo, imeandikwa nusu.

Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti 9 kwa jumla, miongoni mwake Ariel 5 ya Waingereza, mwaka 1974, na SAS-3, mwaka 1975, zote mbili za eksirei, kisha tarehe 25 Machi 1988 likarusha ya mwisho, na chuma chake kikaachiwa kutu na bahari. Kituo cha nchi kavu hakikufa. Antena za Malindi ndizo zinazopokea habari za Swift, iliyorushwa Novemba 2004, ambayo kamera yake ya eksirei iliundwa na watu wa Chuo Kikuu cha Leicester, wale wale ambao miaka 30 kabla yake chombo chao kilipanda ndani ya Ariel 5 kutoka Ungwana; kamera ambayo mtambo wake wa kupoza uliharibika mara tu baada ya kufika angani, kisha mwaka 2005 ikapigwa na punje ya vumbi la angani, nayo ikaendelea na kazi. Malindi pia hupokea habari za NuSTAR, ya mwaka 2012, inayotazama eksirei kali mno, zile ambazo silikoni haiwezi kuzizuia, na kwa ajili hiyo vihisi vyake viliundwa katika chuo cha Caltech kwa mchanganyiko wa kadmi, zinki na teluri.

Tena zipo habari za IXPE, iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021, kazi ya Wamarekani na Wataliani pamoja. Chombo hiki kimerudi kwenye gesi nyuma ya dirisha la berili, kama Uhuru. Ila chini ya gesi kimewekewa kipande cha silikoni chenye pikseli ndogondogo, ambacho huichora njia iliyopitiwa na elektroni, na kutokana na mchoro huo hujulikana miale ilikuwa ikitikisika upande gani. Nacho kinazunguka ikwetani, kwa sababu ile ile. Lakini kwa kuwa jukwaa la Ungwana limekwisha kazi, kilirushwa kutoka Florida kwa roketi kubwa ya Falcon 9, ambayo sehemu kubwa ya nguvu zake ilitumika kuigeuza njia hadi ikweta, kazi ambayo Scout ndogo haikuhitaji kuifanya. Sijui kama kuna ushahidi ulio wazi zaidi wa thamani ya maji yale.

Kuhusu haki ya wenye maji, nitasema kwa ufupi. Kwa miaka mingi Wakenya walikuwa walinzi, mafundi na wapishi katika kituo kilichokuwa nchini mwao, na sehemu yao katika elimu yenyewe ikawa ndogo. Mapatano mapya na Italia yaliyotiwa saini Trento mwaka 2016 yaliazimia kulirekebisha hilo, na mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa pamoja na chuo cha Roma, ikafika angani. Sisi wa Kongo hatuna hata kituo cha kukilalamikia. Dhahabu huchimbwa Misisi, katika wilaya yetu ya Fizi, na darubini ya XMM-Newton ya Ulaya ina vioo vilivyopakwa dhahabu; koltani ya Kivu hutoa tantali, ambayo ni moyo wa vihifadhi umeme vidogo katika mitambo ya kila namna; na berili nimekwisha kuitaja. Mwaka 2023 Japani ilirusha XRISM, yenye jicho la pikseli 36 tu, lililopozwa hadi sehemu ndogo ya digrii moja juu ya baridi isiyo na chini yake, ambalo hupima fotoni kwa ule ujoto kidogo inaouacha. Mlango uliolikinga wakati wa safari ukakataa kufunguka, na eksirei sasa zalifikia kupitia dirisha la berili lililo katika mlango huo. Madini ya namna tuliyo nayo milimani yamekuwa kizuizi na njia kwa wakati mmoja, nasi hatukuambiwa.

Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akafariki Desemba 2018, na Uhuru kilianguka katika hewa kikateketea mwaka 1979. Habari zilizokusanywa na Chandra, Swift na NuSTAR zimewekwa katika hazina zilizo wazi kwenye intaneti, na mtu yeyote huruhusiwa kuzichukua bila malipo. Hata zile ambazo wenyewe huzihifadhi kwa muda, za Chandra, hufunguliwa baadaye. Nawaomba walimu wa fizikia wa Uvira, Baraka na Fizi, ambao wanafunzi wao wamesomeshwa eksirei ya Röntgen na kuishia hapo, wawaonyeshe hazina hizo, na wawaanzishie somo kwa Cygnus X-1, kwa kuwa chombo kilichofichua kumetameta kwake kilikuwa kikipita katika anga ya shule zao.